Injini Iliyochemka: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, aghalabu mwezi Mei, malori ya Mkoa wa Simiyu huanza kazi iliyo ngumu kuliko zote za mwaka. Huzunguka vijiji vya Itilima, Meatu na Maswa yakikusanya pamba na kuipeleka kwenye viwanda vya kuchambulia, na sehemu kubwa ya safari hizo hufanyika katika njia za vumbi. Katika majuma hayo ndipo lori husimama ghafla kando ya njia, mvuke ukifuka chini ya boneti. Gari hukokotwa hadi Bariadi, na mwenye mali huambiwa: “Injini imekufa, tafuta nyingine.” Hukumu hiyo yaweza kuwa ya haki. Yaweza pia kumpotezea faida ya msimu mzima bila sababu, kwa kuwa mara nyingi hutolewa kabla ya bolti hata moja kufunguliwa.

Uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha injini hutegemea hali ya vitu vitatu: bloku, silinda hedi, na fitokombo, ambayo mafundi huiita krenki. Vinginevyo, kama vile ringi, beringi, gasketi na vali, vimeundwa ili vichakae na kubadilishwa. Injini ambayo ringi zake zimekwisha haijafa, hata ikitoa moshi wa buluu namna gani.

Tuanze na joto, maana ndilo adui wa kwanza. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi. Katika kimo cha meta 1,200 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Sentigredi, si 100. Kifuniko cha rejeta huzuia jambo hilo kwa kuyafungia maji ndani ya shinikizo. Kifuniko kilicholegea, kitu cha bei ndogo kabisa, chatosha kuchemsha injini iliyo nzima. Maji yakipungua, silinda hedi ya alumini hutanuka karibu mara mbili ya bloku ya chuma cha kusubu. Hedi yenye urefu wa milimita 500, joto lake likizidi kwa nyuzi 100, hutaka kurefuka kwa zaidi ya milimita moja. Chuma kilicho chini yake hurefuka kwa nusu tu ya kiasi hicho, na bolti haziiruhusu kwenda popote. Basi hujipinda.

Hata hivyo kujipinda si kufa. Fundi huweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kisha hujaribu kupenyeza chini yake vibamba vyembamba ambavyo unene wake unajulikana. Injini nyingi ndogo huvumilia mwinamo wa sehemu moja ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Ukizidi, hedi husawazishwa kwa mashine, mradi unene unaobaki usipungue kiwango cha mtengenezaji. Ufa ulio kati ya vali ni jambo zito zaidi, lakini hata hapo hununuliwa hedi, si injini.

Kabla ya kufungua chochote, yapasa kupima mgandamizo wa kila silinda. Hapa pana kosa ambalo limepeleka injini nyingi kwenye chuma chakavu. Vipimo vya vitabuni kwa kawaida huchukulia hewa ya usawa wa bahari. Injini ya petroli inayoonyesha kilo 12 kwa sentimita ya mraba pale Tanga, ikipimwa mahali palipo na kimo cha meta 1,200 itaonyesha kidogo zaidi ya 10, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi, wala haina ugonjwa wowote. La kutazamwa zaidi ni tofauti baina ya silinda na silinda. Kama moja imebaki nyuma sana, hutiwa humo kijiko cha oili na kupimwa tena (katika injini ya petroli, si ya dizeli): kipimo kikipanda, ringi au kuta za silinda zimechakaa, kisipopanda, kasoro iko kwenye vali au gasketi.

Kuta zilizochakaa nazo zina dawa. Vumbi la njia za mashamba lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na chujio la hewa likipasuka huzisaga kuta kama msasa. Malori mengi ya dizeli yana slivu zinazoweza kung’olewa na kuwekwa mpya. Injini zisizo na slivu huchimbwa kwa mashine na kupewa pistoni zenye kipenyo kilichozidi kidogo, kwa kawaida nusu milimita au milimita moja.

Krenki ndiyo yenye siri. Mikwaruzo ya beringi iliyokosa oili huweza kukerezwa, na beringi nene zaidi hutengenezwa kwa ajili hiyo, kwa hatua za robo milimita. Lakini krenki nyingi zimeimarishwa kwenye ngozi ya nje tu. Ngozi hiyo ikiondolewa, kinachobaki ni chuma laini kitakacholika upesi. Bila maikromita na kitabu cha mtengenezaji, hakuna awezaye kulijua hilo kwa macho.

Ni lini basi injini huachwa? Ni pale konrodi iliyokatika inapotoboa ubavu wa bloku, au ufa unapopita kwenye kiti cha beringi kuu, au krenki inapokuwa imekwisha kukerezwa hadi kipimo cha mwisho. Bloku na krenki zikiharibika pamoja, hesabu huwa imekwisha.

Nayo injini ya kubadilishia si lazima iwe njema. Nyingi zinazouzwa Kariakoo na Ilala jijini Dar es Salaam zimetolewa katika magari yaliyotumika Japani, na historia yake haijulikani. Tuchukue mfano wa kubuni: matengenezo yagharimu shilingi milioni 4, na injini iliyotumika milioni 3. Kama katika injini nne za aina hiyo moja hushindwa mapema na kudai nyingine, gharama yake halisi ni zaidi ya milioni 3.75, bila kuhesabu nauli, gasketi na siku ambazo lori limelala. Tofauti iliyoonekana kubwa karibu imeyeyuka. Kisha namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo badiliko lapasa kuarifiwa Mamlaka ya Mapato.

Liko pia suala la majira. Injini iliyofanyiwa matengenezo huhitaji kilometa elfu moja hivi za mwendo wa upole, pasipo shehena nzito, ili ringi mpya zikae sawasawa na kuta zake. Mwenye lori hawezi kuzipata kilometa hizo mwezi Juni, pamba ikiwa imerundikana vijijini. Huzipata Machi na Aprili, mvua zikinyesha na lori likiwa halina kazi. Na miezi hiyo ndiyo ya kupima mgandamizo, kabla mvuke haujaonekana.