Mvuke na Paa: Urithi wa Hamamu za Kirumi

Kijiji cha Shimoni, kusini mwa Msambweni, kimepata jina lake kutokana na pango la matumbawe ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa kabla ya kusafirishwa. Msiba huo unastahili makala yake. Hapa linalohusika ni paa. Paa la pango hilo limejishikilia lenyewe. Nyumba za mawe za Waswahili, ingawa zilijengwa kwa matumbawe yayo hayo na chokaa yake, hazikuweza hivyo: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, aghalabu chini ya mita tatu.

Warumi walilazimika kuachana na boriti kwa sababu ya maji. Katika hamamu zao sakafu iliinuliwa juu ya vinguzo vya matofali, hewa ya moto kutoka tanuri ikipita chini yake. Mvuke huozesha mbao. Ndiyo maana Vitruvius, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alipendekeza paa la hamamu liwe la kuba la mawe. Na mafundi, kwa zege la chokaa na majivu ya volkano, wakafikia kumbi pana kama zile za Caracalla, zilizofunguliwa mwaka 216.

Bani Umayya waliurithi ufundi huo huko Shamu, kama inavyoshuhudiwa na Qusayr Amra ya karne ya 8. Waajemi nao walikuwa na hamamu zao za kuba, na ni kwa mkono wao ujenzi huu ulifika Unguja: Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, na Sultani Barghash (1870–1888) akamwagiza Haji Gulamhussein kujenga ya mjini. Kuziita kazi hizi “za Kiajemi” tu, kama ilivyo desturi, ni kuufupisha mno mwendo wake.

Usasa, kwa upande wake, ulichukua umbo na kuuacha mvuke. Ukumbi wa stesheni ya Pennsylvania, New York, uliofunguliwa mwaka 1910, uliiga ule wa Caracalla. Lakini kuba zake zilikuwa lipu iliyoning'inizwa kwenye fremu za chuma. Ubomoaji wake ulianza mwaka 1963. Hamamu ya Barghash iliacha kutumika mwaka 1920, ila kuba zake zingali zimesimama, na mtaa wake ungali ukiitwa Hamamni.