Mbwa wa Ulinzi na Hatari ya Karanga Zenye Kuvu
Askari wanaoongoza mbwa wa doria huuliza mara kwa mara iwapo inafaa kummegea mnyama huyo karanga wanazotafuna lindoni. Karanga safi, zilizomenywa na zisizotiwa chumvi, hazimdhuru mbwa zikiwa chache. Zikizidi, mafuta yake humletea kutapika na kuharisha.

Makadamia, ambazo hulimwa Kenya, Uganda na Rwanda, asipewe kamwe. Mbwa aliyezila hutapika, hutetemeka na kulegea miguu ya nyuma katika muda wa saa 12. Kwa kawaida hupona baada ya siku 1 au 2, lakini siku hizo lindo hukosa mlinzi.

Adui mkubwa zaidi ni kuvu. Karanga au mahindi yaliyowekwa penye unyevu huota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Mwaka 2004, nchini Kenya, mahindi yenye sumu hiyo hiyo yaliua watu 125. Kuchemsha wala kukaanga hakuiondoi.

Kwa hiyo, desturi ya kumtupia mbwa chakula kilichokataliwa jikoni na ikomeshwe. Mbwa akisusa chakula, akitapika, au macho yake yakigeuka manjano, apelekwe mara moja kwa daktari wa mifugo. Mbwa hawezi kutoa ripoti ya ugonjwa wake. Jukumu hilo ni la askari anayemwongoza.