Picha Iliyotisha Dunia Ikamponyoka Mwenyewe

Mimi si mpenzi wa sinema za kutisha, wala sitarajii kuwa. Picha za mashetani na damu hunichosha kabla hazijanitisha. Hata hivyo, kuna filamu moja ya kumbukumbu, isiyokuwa ya hadithi, ambayo nimeitazama mara mbili na ningependa kumsimulia msomaji habari zake. Inaitwa "Birth of the Living Dead". Ilitengenezwa na Rob Kuhns, ikatolewa mwaka 2013, na anayezungumzwa humo ni George Romero, Mmarekani aliyeaga dunia Julai 2017 akiwa na umri wa miaka 77. Mwenyewe yumo, mzee mrefu mwenye miwani mikubwa, akisimulia mambo yake huku akicheka kama mtu anayesimulia kisa cha jirani.

Na kisa chenyewe ni hiki. Katika miaka ya sitini Romero na rafiki zake walikuwa na kampuni ndogo katika mji wa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, mbali kabisa na Hollywood. Riziki yao ilitokana na matangazo ya biashara ya televisheni. Aliwahi pia kutengeneza vipande vifupi kwa ajili ya kipindi maarufu cha watoto cha Mister Rogers, na mojawapo kilimwonyesha Bwana Rogers huyo akienda hospitali kukatwa tezi za koo. Romero alipenda kusema kwa mzaha kwamba hiyo ndiyo picha yake ya kutisha kuliko zote!

Walipotaka kufanya sinema ya kweli hawakuwa na fedha. Wakakutana watu kumi, kila mmoja akatoa dola 600, wakaanza na hizo 6,000 kama watu wanaocheza mchezo wa kuchangiana. Baadaye walipata wengine wa kutia mtaji, hata gharama yote ikafika kama dola 114,000, ambazo kwa sinema ya Kimarekani ni fedha ya kununulia chai. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nyumba iliyotumika ilikuwa ya shamba, tupu, iliyokuwa ikingojea kubomolewa. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Mmoja wa waliotia fedha alikuwa mwenye bucha, naye akaleta nyama na matumbo. Waliotia mtaji ndio hao hao waliopaka watu rangi usoni, ndio waliocheza, ndio waliobeba taa.

Hadithi ni ya wafu wanaofufuka na kula walio hai, na watu saba waliojifungia ndani ya nyumba hiyo, wakigombana wao kwa wao kuliko wanavyopigana na hao walio nje. Leo dunia nzima huviita viumbe hao mazombi, lakini katika picha hiyo neno hilo halimo. Wanaitwa "ghouls", na neno hilo Waingereza walilichukua katika Kiarabu: ghul, yule zimwi wa nyikani mla watu ambaye waliosoma Alfu Lela Ulela wamekwisha kutana naye. Kwa hiyo mgeni huyu wa Pittsburgh kwetu si mgeni sana.

Aprili 4, 1968, Romero na mwenzake Russell Streiner walikuwa njiani kwenda New York kutafuta mnunuzi, filamu yao imo katika buti ya gari. Redio ikatangaza kwamba Martin Luther King ameuawa. Habari hiyo iliwahusu zaidi ya walivyodhani, kwa sababu shujaa wa picha yao, aitwaye Ben, alichezwa na Duane Jones, mtu mweusi. Romero anasema walimchagua kwa kuwa ndiye aliyekuwa mchezaji bora waliyemfahamu, basi. Katika maandishi Ben alikuwa dereva wa lori mwenye maneno ya ovyo. Jones, aliyekuwa mtu wa elimu, akayatengeneza mwenyewe maneno yake, na Ben akatoka mtu mtulivu mwenye busara.

Sasa ndipo linakuja jambo lililonifanya nitazame mara ya pili. Picha hiyo awali iliitwa "Night of the Flesh Eaters". Kwa kuwa kulikuwa na sinema nyingine yenye jina la kufanana nalo, wasambazaji wakalibadili likawa "Night of the Living Dead". Ile alama ya haki ya mtunzi ilikuwa imeandikwa pamoja na jina la kwanza. Jina lilipoondolewa, alama nayo ikaenda, na hapana aliyeirudisha. Sheria ya Marekani ya siku hizo ilikuwa kali: kazi iliyotolewa bila alama hiyo ilikuwa mali ya kila mtu. Kwa mstari mmoja tu, watu wale kumi wakapoteza mali yao.

Picha ilionyeshwa kwanza Pittsburgh, Oktoba 1, 1968, na katika miaka iliyofuata inakadiriwa iliingiza dola milioni 30. Sehemu kubwa ya faida iliishia mifukoni mwa wengine. Mwenye jumba la sinema aliionyesha apendavyo. Mwenye televisheni kadhalika. Na kanda za video zilipokuja, kila mwenye mashine alinakili na kuuza bila kumwuliza mtu. Wapwani waliokuwa wakinunua kanda za taarabu zilizonakiliwa dukani, huku mwimbaji mwenyewe hapati hata senti, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1990 Romero na wenzake walishiriki kuitengeneza upya, kwa rangi, na sababu mojawapo ilikuwa kujaribu kupata chochote kutokana na kazi yao wenyewe. Mwaka 1999 serikali ya Marekani iliiingiza ile ya kwanza katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge. Heshima hiyo haikuja na malipo.

Je, inatisha? Ule ulaji wa nyama za watu haukunishtua sana, maana sharubati ni sharubati. Kilichonitia baridi ni pale televisheni ndani ya picha inapowaambia wafiwa wachome maiti zao mara moja, pasiwe na mazishi. Sisi ambao maiti wetu huoshwa, akavikwa sanda, akasaliwa na kuchukuliwa mabegani mwa jirani, agizo hilo linatukata zaidi ya meno ya ghul yeyote.

Na huko ndiko picha inakoishia. Ben anasalimika usiku kucha. Kunapopambazuka raia wenye bunduki, wakiongozwa na mkuu wa polisi, wanamwona dirishani, wanamdhania ni mmoja wa wafu, wanampiga risasi. Baada ya hapo ni picha za mnato tu, kama za gazeti: wanaume wenye kulabu za kuning'inizia nyama, mwili unaburutwa, lundo la kuni. Hapana anayemwuliza jina.

Katika filamu ya Kuhns, mwalimu mmoja wa Bronx, New York, anawaonyesha wanafunzi wake picha hiyo kisha anawauliza waliyoyaona. Romero alizaliwa huko huko Bronx, mwaka 1940.