Dago la Watoto: Kambi ya Likizo na Ukuaji wa Mtoto

Hapa Unguja, neno "kambi" likitajwa mbele ya mwanafunzi humjulisha jambo moja: kukaa shuleni na wenzake usiku na mchana kujiandaa na mtihani. Kambi hizo zina manufaa yake. Ipo hata hivyo kambi ya aina nyingine, ambayo wavuvi wetu wameijua tangu zamani kwa jina la dago: kuhama nyumbani kwa siku kadhaa, kulala ufukweni, kupika pamoja na kuishi kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Makala haya yanaeleza kwa nini mtoto naye anahitaji dago lake wakati wa likizo, na namna ya kumwandalia kwa usalama.

Mtoto anayekaa kutwa

Tutazame siku ya mtoto wa Mji Mkongwe. Asubuhi yuko dawatini, alasiri yuko chuoni mkekani, na usiku yuko tuisheni au mbele ya simu. Vichochoro alimocheza nage na kibe babu yake leo vimejaa pikipiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kumfanya ahemee. Likizo ikimkuta mtoto huyu na kumwacha ndani, hata ile safari ya miguu ya kwenda shule huipoteza.

Manufaa kwa mwili na akili

Faida ya kwanza ni ya macho, na wazazi wengi hawaijui. Mwanga wa nje, hata kivulini, ni mkali mara nyingi zaidi kuliko wa chumbani. Inaaminika kuwa mwanga huo huchochea retina kutoa dopamini, kemikali inayozuia jicho la mtoto lisirefuke kupita kiasi. Jicho likirefuka, mtoto huona vya karibu na kushindwa kuona ubao. Katika utafiti uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo hilo, ikilinganishwa na asilimia 39.5 ya wenzao wasioongezewa.

Faida ya pili ni ya mifupa, misuli na mizani ya mwili. Kupanda, kuruka na kutembea juu ya mchanga huijenga mifupa katika umri ambao mifupa hujengeka. Ya tatu ni ya nafsi. Mtoto anayegawiwa zamu ya kuteka maji, kuchochea moto au kumwangalia mdogo wake hujifunza kusubiri, kupatana na kuamua. Mambo haya hayafundishwi kwa kuandikwa ubaoni.

Mifano iliyopo kwetu

Hatuna haja ya kwenda mbali. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina msitu wa kima punju na njia ya mbao katikati ya mikoko. Kisiwa cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yalianza kuhifadhiwa rasmi mwaka 1994, hupokea wanafunzi wa skuli zetu kuja kuitazama bahari kwa macho yao.

Mfano wenye uzito zaidi uko kaskazini. Watoto wa kike wengi wa visiwani hukua wakiiona bahari kila siku bila ya kujua kuogelea. Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha kuelea, kuogelea na kuokoa wenzao, wakiwemo wanafunzi wa skuli ya msingi ya Kijini katika maji ya Muyuni, huku wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima. Heshima na usalama vimekwenda pamoja. Katika visiwa vilivyopoteza roho nyingi kwa kuzama MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, hakuna anayehitaji kuelezwa hatari ya maji.

Usalama kabla ya safari

Likizo ya katikati ya mwaka huangukia kipupwe, wakati wa ubaridi wa kadiri, nao unafaa. Waandaaji wazingatie haya:

• Mtu mzima mmoja ajuaye kuogelea awe na kazi moja tu: kuwaangalia walio majini. Asishike simu.
• Wavuvi wa eneo hilo waulizwe habari za mkondo, hasa siku za bamvua.
• Jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri likwepwe kwa kivuli, kofia na maji ya kunywa ya kutosha.
• Watoto walale ndani ya chandarua, na choo na maji ya kunawa viwepo.

Mtoto mgonjwa asiachwe nyumbani

Wazazi wengi humzuia mtoto mwenye maradhi ya kudumu, na yeye ndiye anayehitaji zaidi kujiona sawa na wenzake. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta, na msimamizi ajue kuitumia. Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla ya kuchoka, na asikae na nguo mbichi kwenye upepo. Akipata homa au maumivu makali, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mwenye kifafa asikose dawa hata siku moja, na asiingie majini bila mtu mzima wa kumshika.

Kwa wahudumu wa afya, tunaomba jambo moja: mtoto anapokuja kliniki karibu na likizo, muulizeni mzazi atazipitisha vipi siku hizo, kisha mwandikieni maelekezo mafupi ya kumpa msimamizi. Kwa wazazi, kambi haihitaji fedha nyingi. Siku tatu shamba kwa bibi, pamoja na watoto wa shehia na watu wazima wawili au watatu wanaoaminika, ni dago kamili.