Kabla ya kuukata mnazi, isome vizuri karatasi ya maabara

Siku hizi mkulima wa pwani akiona mnazi wake unageuka manjano, hamwendei mzee wa mtaa peke yake. Hukata kipande cha kuti, huchota udongo, akapeleka maabara. Hilo ni jambo jema. Taabu huanza majibu yanaporudi, maana wengi wetu tunaisoma ile karatasi kama hukumu ya korti: imepigwa muhuri, imekwisha.

Kuna shamba moja la wakfu, minazi thelathini na kitu, mapato yake hulipia maji ya msikiti. Karatasi ilirudi ikisema ugonjwa wa kufisha wa minazi umepatikana, na wazee wa kamati wakaanza kuuliza bei ya kukodi msumeno. Nilipouliza sampuli ilitoka mti gani, kila mmoja alimtazama mwenzake. Nashukuru walikubali kusubiri, wapime tena.

Ugonjwa huo si wa kufanyiwa mzaha. Umemaliza minazi mingi Tanzania na Msumbiji, na hakuna dawa ya kuuponya. Unaletwa na vimelea vidogo mno viitwavyo fitoplazma, ambavyo huishi ndani ya mishipa inayopitisha chakula cha mti. Lakini una mwendo wake. Kwanza mnazi hupukutisha vidaka, vitale na hata nazi kubwa. Kisha makarara mapya hutoka meusi. Halafu manjano huanzia makuti ya chini yakipanda juu, na baada ya miezi kadhaa kilele huanguka, ukabaki mlingoti mtupu. Sasa, ikiwa karatasi inasema ugonjwa upo na mti wenyewe una makarara mazuri na mwaka mzima haujapukutisha kitu, mbili hizo hazipatani. Usiamini upande wowote mpaka upime tena.

Huenda kosa ni la kekee. Sampuli nzuri ya ugonjwa huu aghalabu ni unga wa mti unaotobolewa kwenye shina. Fundi akitoboa mnazi mgonjwa kisha akaingia mzima bila kuisafisha kekee, amebeba vimelea vya huyu akavitia kwenye mfuko wa yule. Kipimo cha vinasaba ni kikali, chembe kidogo tu hukitosha.

Upande wa pili nao una mtego. "Haukupatikana" maana yake haukupatikana katika kipande kile. Fitoplazma hazijasambaa sawasawa mtini. Ukipeleka kuti kuukuu lililoning'inia, majibu yanaweza kurudi safi ilhali mti unakufa. Kwa hiyo uliza: ilichukuliwa sehemu gani ya mti, miti mingapi, na je, walipima pia mnazi mzima wa kulinganisha?

Na manjano si ugonjwa huo peke yake. Mnazi ulala njaa ya potasiamu, na mchanga wetu una uhaba nayo, huonyesha madoa ya rangi ya chungwa kwenye makuti makuukuu, nazi zikapungua, lakini haufi kwa miezi michache. Chonga naye huacha makuti yaliyokatwa kama kwa mkasi, umbo la pembetatu. Huyo humjui kwa maabara, humjua kwa macho.

Tuje kwenye udongo, ambako ndiko wengi hupotezea pesa. Ukichota konzi moja karibu na jiko la nje, majivu yatasema shamba lako limejaa potasiamu. Chota sehemu kumi au zaidi, uchanganye, ndipo utoe mfuko mmoja wa kupeleka. Kisha tazama kipimo cha uchungu wa udongo. Kwenye ardhi ya matumbawe namba hiyo huweza kufika 8, na kutoka 7 hadi 8 si hatua moja ndogo, ni tofauti ya mara kumi. Katika udongo kama huo chuma huweza kuwemo tele na mti usiweze kukinyonya, makuti machanga yakapauka. Karatasi itasema chuma kipo. Kweli kipo, ila kimefungiwa.

Nimewahi kuona karatasi iliyoandika 8 juu, na chini yake ushauri wa kutia chokaa. Chokaa, jamani, kwenye ardhi ambayo yenyewe ni chokaa! Chokaa hutiwa udongo mchungu, ule ulio chini sana ya 7. Ushauri ule ulinakiliwa kutoka karatasi ya mtu mwingine, wa bara pengine.

Kwa lishe ya mnazi, pima na kuti pia. Wataalamu huchukua kuti la 14, ukihesabu kutoka lile changa kabisa lililofunguka juu. Kama karatasi haitaji ni kuti la ngapi, zile asilimia zake huna cha kuzilinganisha nacho.

Ukiwa na shaka, chukua karatasi, picha za mti na historia yake, uwapelekee watafiti wa KALRO pale Mtwapa. Na ukituma sampuli nyingine, itume asubuhi ya Jumatatu, si Ijumaa jioni ikalala garini siku mbili kwenye joto hili letu.