Kuwamba upya ngoma kuukuu: ufundi, sheria na afya katika mpaka wa Busia na Tororo

Mambo muhimu
- Mzinga wa ngoma uliochongwa vizuri huweza kudumu vizazi kadhaa, lakini ngozi yake hulazimika kubadilishwa.
- Baadhi ya ngoma za eneo hili huwambwa kwa ngozi ya kenge, mnyama anayelindwa na sheria za Kenya na Uganda.
- Ngozi ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa inaweza kubeba vimelea vya kimeta.

Ipo miji miwili yenye jina la Busia, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na kaskazini yake, upande wa Uganda, kuna Tororo. Katika eneo hilo lote ngoma haijawa pambo la ukutani. Huchezwa harusini, matangani, makanisani na katika mashindano ya shule. Kwa hiyo ngozi inapopasuka au kulegea, familia hukabiliwa na swali: ngoma ya babu iwambwe upya, au inunuliwe nyingine?

Mpaka uliopita katikati ya jamii

Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya. Mstari uliotokana na marekebisho ya namna hiyo uliwaacha Wasamia na Wateso pande zote mbili. Muziki wao haukugawanyika kwa urahisi huo. Huko Tororo, Jopadhola wana ngoma ndefu iitwayo fumbo. Mashariki ya Busia, katika kaunti ya Kakamega, Waisukha na Waidakho wana isukuti, ngoma tatu zinazochezwa pamoja: kubwa, ya kati na ndogo.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, na kwamba fedha na malighafi za kutengenezea ala ni haba. Kuwamba upya ngoma kuukuu ni mojawapo ya njia za kupunguza uhaba huo, kwa kuwa mti mwingine haukatwi.

Ngoma imeundwaje

Ngoma ya Uganda inayojulikana zaidi huchongwa kutoka gogo moja, pana juu na nyembamba chini. Miti ya jamii ya mringaringa hupendwa kwa sababu ni miepesi na haipasuki ovyo. Ngozi huwa mbili: ya juu hupigwa, ya chini huwa ni ya kushikilia tu. Kati yake hupita kanda nyembamba za ngozi zinazokazwa kuuzunguka mzinga. Ngoma ndefu kama engalabi ya Buganda ni tofauti: ina ngozi moja, nayo hushikizwa kwa vigingi vidogo vya mti.

Tofauti hiyo ndiyo jambo la kwanza ambalo fundi huliangalia. Ngoma ya kanda hufunguliwa kwa kulegeza kanda. Ya vigingi hufunguliwa kwa kung'oa kigingi kimoja kimoja, bila kupanua matundu ya zamani.

Hatua za kuiwamba upya

Kabla ya kukata chochote, inafaa kupiga picha namna kanda zilivyopishana, kwa maana kila jamii ina msuko wake. Ngoma inapofunguliwa, kilichomo ndani hakitupwi. Ngoma nyingi za Buganda hutiwa kitu kidogo ndani, kama kijiwe au mbegu, nacho huhesabiwa kuwa sehemu ya ngoma yenyewe.

Mzinga hukaguliwa kama una nyufa au matundu ya wadudu. Ufa mdogo huzibwa. Rangi iliyokolezwa na mikono na moshi wa miaka mingi huachwa, kwani kuikwangua ni kufuta historia ya ngoma.

Ngozi kavu hulowekwa majini hadi ilainike, hunyolewa manyoya, kisha huwambwa ikiwa mbichi. Ngozi imejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Zikilowa hunyumbuka, zikikauka hujikunja na kukaza. Kwa hiyo nguvu kubwa ya mkazo hutokana na kukauka kwenyewe, wala si mikono ya fundi peke yake. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fundi mzuri hufanya kinyume: huvuta upande huu kidogo, akaenda upande wa pili, mpaka mkazo uwe sawa pande zote. Asipofanya hivyo, ngoma itatoa sauti mbili.

Baada ya hapo ngoma huachwa kivulini siku kadhaa. Jua kali huikausha ngozi haraka mno na kuipasua.

Tatizo la kenge

Isukuti na engalabi kwa desturi huwambwa kwa ngozi ya kenge, nyembamba na yenye mlio mkali. Lakini kenge wa Mto Nile yumo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini. Sheria za wanyamapori, ya Kenya ya mwaka 2013 na ya Uganda ya mwaka 2019, zinahitaji kibali kwa anayemiliki au kuuza sehemu za mnyama wa porini. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018, huwakagua wasafiri mara moja tu, lakini wepesi huo haufuti hitaji la kibali.

Ngozi ya mbuzi au ndama ni mbadala halali. Sauti yake hubadilika, na wazee huitambua mara moja. Hapo ndipo ilipo gharama halisi ya uamuzi huu: kuilinda sheria na mnyama, na kupoteza sehemu ya sauti iliyorithiwa.

Tahadhari kuhusu kimeta

Vimelea vya kimeta huweza kuishi katika ngozi kwa miaka mingi. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja mjini New York aliugua kimeta baada ya kushughulikia ngozi mbichi kutoka Afrika Magharibi, na mwaka 2008 mwingine alifariki London. Visa kama hivyo ni nadra, lakini hatari huwa kubwa wakati wa kukwangua manyoya, vumbi linapovutwa puani. Tumia ngozi ya mnyama aliyechinjwa baada ya kukaguliwa na daktari wa mifugo, ikwangue ikiwa imelowa, mahali penye hewa ya kutosha, ukiwa umefunika pua na mdomo.

Ukitaka kuja na ngoma Australia

Kila kitu kilichotengenezwa kwa ngozi ya mnyama ni lazima kitajwe katika kadi ya abiria unapoingia nchini. Maafisa wanaweza kukikagua, kuagiza kitibiwe kwa gharama yako, kukirudisha au kukiharibu. Ngoma yenye ngozi ya kenge huenda ikahitaji pia vibali vya CITES, na ni bora kuuliza kabla ya safari. Ikiwa ngozi ya ngoma ya familia imechakaa, lipo suluhisho rahisi zaidi: iwambwe upya kwa ngozi ya mbuzi, tena huko huko, na fundi anayeujua msuko wake.