Fahamu: Albamu ya Magma iliyoimbwa kwa lugha ya kubuni

Ukiisikia Mekanïk Destruktïẁ Kommandöh kwa mara ya kwanza, utadhani wanaimba Kijerumani. Sivyo. Ni Kikobaïa, lugha aliyoibuni Christian Vander, mpiga ngoma Mfaransa aliyeanzisha bendi ya Magma mjini Paris mwaka 1969. Kwake Kifaransa hakikuwa na nguvu ya kubeba muziki aliokuwa nao kichwani.

Albamu hii ya tatu ya studio ilitoka mwaka 1973. Ile ya kwanza, ya 1970, ilisimulia watu walioikimbia dunia iliyoharibika wakahamia sayari ya Kobaïa. Katika hii ya tatu, nabii Nebehr Gudahtt anawaambia wanadamu wajitakase ili waokoke. Wanaghadhibika, wanaandamana kwenda kumwangamiza, na wakiwa njiani wanaanza kumwelewa.

Usitarajie gitaa la kujitutumua kama kwenye roki ya kawaida. Mzigo wote uko kwenye ngoma, besi nzito ya Jannick Top, piano, ala za kupuliza, na kwaya inayorudia kifungu kilekile mpaka msikilizaji anakaribia kupandisha mashetani. Vander alimhusudu John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani aliyefariki mwaka 1967. Kwenye kwaya, wengi humsikia mtunzi Mjerumani Carl Orff. Mtindo huu wa Magma huitwa Zeuhl, neno la Kikobaïa.

Maneno yasikutishe. Wangapi Dar es Salaam na Nairobi wamekesha wakicheza rumba ya Kilingala bila kuelewa ubeti mmoja? Dakika zenyewe hazifiki 40, ila usirukeruke: vipande vyote saba vimeshikana.